Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Kwanza

Nyumba aliyokuwa akiishi dada yake Mzee Sentimita ilisimama mwaka mmoja na miezi miwili baada ya nyumba nyingine zote za mtaa ule kuvunjwa, kwa sababu chumba chake kimoja hakikuwa kimechorwa. Mimi ndiye niliyekichora. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanihurumia njiani, maana najijua, nikianza kusimulia huwa najipendelea.

Mzee Sentimita ni jina tulilompa ofisini. Alikuwa mpimaji wa majengo ya kale kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba kongwe akiwa na tepu, timazi ya kupimia wima, penseli na ubao, kisha kutoka na michoro inayoonyesha kila ukuta, kila dirisha, kila boriti na kila ufa, ili siku nyumba itakapokarabatiwa fundi ajue nini kilikuwa wapi na kilijengwa vipi. Ukimwuliza saa, alikutajia na sekunde. Akiweka sukari kwenye chai ungedhani anampimia mgonjwa dawa. Watoto wake walikua wakijua urefu wao mpaka nusu sentimita, na binti yake mkubwa aliniapia kwamba siku aliyoleta mchumba nyumbani, baba alimwangalia kijana juu mpaka chini kisha akasema mbele ya watu wote, "Mita moja sabini na mbili. Akivua viatu, sabini." Kijana akavua viatu. Ilikuwa sabini.

Mimi nilikuwa mshika ncha wake. Tepu ina pande mbili: mmoja anabana sifuri ukutani, mwingine anasoma. Miaka kumi na tisa mimi nilibana sifuri na yeye akasoma, na jioni tukirudi ofisini mimi ndiye niliyechora kwa wino yale aliyoandika kwa penseli. Nina watoto watatu na goti linalolia kila nikipanda ngazi, lakini yeye aliniita binti, na mimi nilimwita Mzee, na tulielewana hivyo hivyo.

Mchoro wangu wa kwanza aliuchana. Ulikuwa wa chumba cha mbele katika nyumba fulani ya mfanyabiashara wa zamani, na mimi kwa ushamba wangu nilikuwa nimezinyoosha kuta kwa rula. Aliniangalia kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula.

"Ukuta huu ulikuwa umenyooka?"

"Hapana, Mzee, lakini nadhani walikusudia unyooke."

"Walikusudia! Wewe ni nani umnyooshee marehemu ukuta wake? Umepinda, chora umepinda. Umeegemea upande, chora umeegemea. Na mahali ambapo hujafika, acha karatasi nyeupe, andika hapakufikika. Usinibunie."

Akanirudisha kule kule, tukapima upya kona kwa kona, ule upimaji wa kukatisha chumba katikati kama unakifunga mkanda, kwa sababu chumba cha zamani hakina pembe ya kuaminika na kona mbili ndizo zitakazokwambia ukweli. Tangu siku ile sikumbunia hata uzi.

Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba kumi na moja kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Zilikuwa nyumba nene za mawe na chokaa, kila moja na ghorofa yake moja juu, roshani za mbao zinazotazama barabara, na milango mizito ambayo wajukuu wa waliozijenga walikuwa wameichoka. Wajukuu walitaka maduka ya vioo. Kanuni ya idara ilisema jengo lililo kwenye orodha haliguswi mpaka vipimo vyake vyote viwe vimewekwa kwenye jalada na jalada limefungwa. Sisi wapimaji tuliisoma kanuni ile kwa moyo mweupe: kwanza lipimwe, kisha litengenezwe. Basi tukapima. Tulipima ya kwanza, ikavunjwa. Tukasema wenyewe wamekaidi. Tukapima ya pili, ikavunjwa. Tukasema ilikuwa imeoza. Mpaka ya tano nilikuwa bado nawalaani wenye nyumba, na jioni nikirudi nyumbani namwambia mume wangu, "Bora tuliwahi kuichora," naye anaitikia huku akitafuta mechi kwenye redio.

Nyumba ya kumi na moja, ya mwisho, ndiyo aliyokuwa amepanga dada yake Mzee. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha chini kilikuwa duka lake, meza ya kukatia, cherehani mbili na kioo kirefu. Cha nyuma yake ndicho alicholala. Alikaa pale miaka thelathini na moja. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, alikuwa na ule mlango unaofungukia barabarani. Wateja wake waliujua mlango, si yeye. Walikuja wake kwa waume wakamweleza kwamba mama zao walishonewa sare za shule pale pale. Fundi wa umri ule ukimtoa mlangoni pake ukampeleka nje ya mji kwenye chumba cha uani, nani atamfuata na kitambaa mkononi? Hakuna. Hilo tulilijua wote, na yeye alilijua kuliko wote.

Kwa kuwa Mzee, mdogo wake, alikuwa amenifanya mtoto wake, mimi nilimwita shangazi. Alikuwa na mdomo, shangazi yule. Siku ya kwanza tulipoingia kupima, alimtazama Mzee anavyotambaa chini ya meza yake na tepu, akasema, "Wewe mtoto, miaka yote hii hujui nyumba hii ina ukubwa gani? Ungeniuliza tu. Ni ndogo."

Tulipima wiki tatu. Tulimaliza chini, tukamaliza ngazi, roshani, paa, na vyumba viwili vya juu. Kikabaki chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza. Mzee aliniambia nimsubiri kwenye ngazi. Akaingia peke yake, akakaa dakika chache, akatoka na kufunga mlango taratibu. Kwenye daftari akaandika: Sakafu mbovu. Hapakufikika.

"Turudi lini, Mzee?"

"Mpaka walete magogo ya kuegemeza."

Magogo hayakuletwa. Kila mwezi mkuu wa ofisi aliuliza kuhusu jalada la kumi na moja, na kila mwezi Mzee alijibu kwamba sakafu ni mbovu, kwamba mvua imezidi, kwamba aliomba barua ya tahadhari na bado hajaipata. Mkuu alikuwa mpya, mtu wa viatu vya kung'aa na kifaa kidogo cha mwanga kinachopima ukuta kwa kubonyeza. Alikitoa kwenye mikutano kukichezea kama watu wanavyochezea funguo za gari. Vijana wa ofisi, kwa kumtafutia mkuu kicheko, wakaanza kusema Sentimita siku hizi amebaki milimita. Walisema akiwepo. Yeye alijifanya kiziwi, na mimi ndiye niliyekuwa nauma meno.

Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yamepungua. Nililiona hilo kabla ya wengine. Alikuwa akiisogeza tepu mpaka puani, na mara nyingine alinipa nisome kwa kisingizio kwamba mwanga unamwumiza. Mtu aliyeitwa Sentimita maisha yake yote utamwambiaje kwamba haoni namba? Nikaweka hilo moyoni, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuota mizizi.

Kisha moyo wake ukamsumbua, akalazwa. Wiki ile ile, kwenye mkutano wa asubuhi, mkuu akatangaza kwamba Mzee akitoka hospitali atastaafishwa, na kwamba kwenye kumbukumbu zake za utumishi itaandikwa aliacha kazi ya mwisho bila kuimaliza. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza karatasi. Miaka thelathini na minne, majengo mia mbili na kumi na sita, na mstari wa mwisho uwe ule. Nilitoka pale nimejaa hasira. Nikachukua tepu, timazi na ubao, nikaenda kwa shangazi bila kumwomba mtu ruhusa. Mama yangu aliniambia tangu utotoni kwamba nina kiherehere kitakachoniponza, nami nilidhani anatania.

"Shangazi, kile chumba cha juu cha nyuma, sakafu imeoza kiasi gani?"

"Imeoza? Mimi naweka majora yangu humo. Majora thelathini na kitu. Ingekuwa imeoza si yangeniangukia kichwani?"

Tukapanda. Nikakanyaga polepole, nikakanyaga kwa nguvu, nikaruka. Sakafu ilikuwa imara kuliko ya ofisini kwetu. Nikasimama pale katikati ya majora ya kitambaa, na kila kitu kikanijia mara moja, au nilidhani kimenijia: Mzee aliingia humu peke yake, akajaribu kusoma tepu kwenye mwanga hafifu, akashindwa, akaona aibu, akasingizia sakafu. Machozi yalinitoka. Niliapa hakuna atakayejua.

"Shangazi, nisaidie kushika ncha."

"Lete. Afadhali mmalize, labda ndiyo watakuja kunitengenezea paa. Likivuja, ndoo tatu hazitoshi."

Akabana sifuri kwa kidole chake chenye alama za sindano, nami nikasoma. Kilikuwa chumba kizuri. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefutuka katikati kwa sentimita nne, kama mtu aliyeshiba. Boriti zilikuwa kumi na tisa, na ya saba ilikuwa imewahi kubadilishwa, kwa sababu ilichongwa kwa shoka na nyingine kwa tezo. Juu ya dirisha kulikuwa na kijishubaka cha taa ambacho masizi yake bado yalikuwa ukutani. Nilipima kona kwa kona mara mbili. Niliandika kila ufa na upana wake. Tulipanga na kupangua majora asubuhi nzima, shangazi akinisimulia ni kitambaa kipi kilikataliwa na bibi harusi gani, nami nikicheka, na sijui kama nimewahi kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Nilichora siku tatu. Kwenye kona ya chini niliandika jina lake kama mpimaji na langu dogo kama mchoraji. Ijumaa nikaliweka jalada la kumi na moja juu ya meza ya mkuu, limekamilika, na mkuu akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu yule hakuwahi hata kuitikia shikamoo ya mtu vizuri. Ningekuwa na akili, ningeshtuka hapo hapo.

Jumapili nilimpelekea Mzee nakala hospitalini. Nilikuwa nimeikunja vizuri, na njiani nilijipangia maneno ya kumwambia bila kugusa habari ya macho. Alikuwa ameketi kitandani, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Akaifungua karatasi. Akaisogeza mpaka puani. Nikaona midomo yake inasoma vipimo, kimoja kimoja, kisha ikaacha kusoma.

"Umeipeleka?"

"Ijumaa, Mzee. Wala usijali, hakuna aliyejua kitu. Jina ni lako."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani moyo umemshika tena, nikainuka kumwita muuguzi, akanishika kanga.

"Kaa, binti. Wewe hukuwahi kuhesabu?"

"Kuhesabu nini?"

"Nyumba. Ya kwanza tulifunga jalada mwezi wa pili, wa tatu ikavunjwa. Ya pili, jalada mwezi wa sita, wa saba ikavunjwa. Zote kumi. Hakuna hata moja iliyovunjwa kabla hatujaimaliza. Hata moja."

Kisha akanieleza. Baada ya nyumba ya nane alianza kuwa na wasiwasi, akaomba kuona majalada ya zamani, na ndani ya kila moja, nyuma ya michoro yetu, alikuta barua ile ile yenye mstari ule ule: jengo lililokwisha kurekodiwa kikamilifu litahesabiwa kuwa limehifadhiwa. Likishahesabiwa limehifadhiwa kwenye karatasi, lililosimama barabarani halina kazi. Michoro yetu ndiyo iliyokuwa kibali cha kuvunja. Alijaribu kuandika malalamiko mara mbili, hayakujibiwa, na huku akisubiri majibu ya tisa na ya kumi zikavunjwa. Kwa hiyo kwenye ya kumi na moja aliamua kutomaliza. Hakuwa na mpango mwingine, mzee wa watu. Alitaka tu kuwaacha wasubiri mpaka wachoke, au yeye afe, au dada yake afe kwenye nyumba yake.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilipanda mpaka wagonjwa wakageuka. "Miaka kumi na tisa, Mzee! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeulizwa, ungesema. Wewe uso wako hauwezi kuficha hata njaa."

"Mimi nilidhani ni macho!"

"Macho pia," akasema.

Nilitamani anipige. Nilikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda mpaka wakatufukuza wageni.

Siku ya nane baada ya jalada kufika kwa mkuu, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa shangazi. Wapangaji walipewa siku thelathini za kuhama. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, liliandikwa kwamba pingamizi litasikilizwa ndani ya siku kumi na nne, na kwamba pingamizi pekee linalokubalika ni kosa katika rekodi ya jengo. Jalada lenye kosa hurudishwa, na likirudishwa kibali husimama.

Niliisoma mara tano, nikakimbilia kwa Mzee, ambaye kwa wakati huo alikuwa ametolewa hospitali na anakaa kwa binti yake. Nilimwambia tumepona. Nitaandika kwamba nilikosea, nitabadilisha tarakimu mbili tatu, nitasema ukuta una mita tatu na ishirini na moja badala ya tatu na kumi na mbili.

"Yule ana kile kifaa chake," akasema Mzee. "Atabonyeza mara moja, ataona umedanganya. Wewe utafukuzwa kazi na nyumba itavunjwa vile vile."

"Basi tukae tu?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Umepima peke yako, na mshika ncha asiyejua kazi. Nyumba imepinda kila upande. Lazima kuna kosa. Kosa la kweli. Tukalitafute."

Nakumbuka nilivyomshukuru. Tumaini ni kitu cha ajabu, hata likiwa la mtu anayeomba aonekane mjinga. Tulikwenda siku ya kumi na mbili ya tangazo. Binti yake alitushusha pale kwa teksi, akiwa amenuna, kwa sababu daktari alimkataza baba yake ngazi. Shangazi tulimkuta anafunga nyuzi kwenye maboksi. Mzee alikuwa ameshamweleza kila kitu, na mimi niliogopa kumtazama usoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Pandeni. Majora nimeyatoa, mtapata nafasi."

Ilimchukua Mzee muda wa kuchemsha chai na kuinywa kuzimaliza zile ngazi. Chumba kikiwa kitupu kilionekana kikubwa zaidi, na mwanga wa dirisha ulifika mpaka mlangoni. Akanipa ncha. Nikapiga goti kwenye kona, nikabana sifuri. Kwa kuwa hakuweza kusoma tepu, nilikuwa nikibana kwa utepe wa gundi, nainuka, naenda upande wa pili kumsomea, narudi. Yeye alikuwa na nakala ya mchoro wangu kwenye ubao, ameisogeza karibu na jicho.

"Ukuta wa mashariki."

"Mita nne na sitini na tatu."

"Sitini na tatu," akasema. "Unaofuata."

"Tatu na kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

Tulipima kuta nne. Tulipima dirisha, unene wa ukuta kwenye dirisha, kizingiti, kijishubaka cha taa. Nilikuwa namwomba Mungu anipe kosa. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, naomba Mungu nionekane mzembe. Kwenye kona kwa kona nilisoma mara mbili, kwa sababu pale ndipo watu hukosea. Tano na hamsini na nane. Kwenye karatasi, tano na hamsini na nane. Kona ya pili, tano na sitini na sita. Kwenye karatasi vile vile. Tukahesabu boriti kumi na tisa. Tukapima kufutuka kwa ukuta wa nyuma kwa timazi, na Mzee akaupapasa kwa kiganja kuanzia juu mpaka chini, kama anatafuta sentimita moja iliyojificha.

"Nyufa," akasema.

Nyufa zilikuwa saba. Nilikuwa nimeandika saba.

Mzee aliteremsha ubao. Aliegemea ukuta akapumua, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa mtu mzee tu, mfupi, mwenye shati lililompwaya. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kunisifu. Kazi nzuri kwake ilikuwa ile asiyoichana.

"Umepima vizuri, binti," akaniambia. "Hata mimi nisingepima hivi."

Nilibandua ule utepe kutoka kwenye kona, kipande kwa kipande, na plasta ya chokaa ikatoka nao kidogo. Chini tulisikia meza ya kukatia ikivutwa sakafuni, kisha ikatulia, na shangazi akaita kutoka kwenye ngazi.

"Mmelipata kosa?"

Mzee alinitazama. Alikuwa na haki ya kuniachia mimi nijibu.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Hakuna kosa."